Rajamu na Mkono wa Mnunuzi: Historia ya Bidhaa za Kigeni hadi Bengamisa

Mama mmoja alisimama mbele ya meza ya bikwembe katika soko la Bengamisa, akakifungua kipande kimoja kilichokuwa kimekunjwa vizuri, akakigeuza ndani nje ili aone kama rangi imepenya sawasawa pande zote mbili, akayasoma maneno yaliyochapwa upindoni kushuhudia kwamba nguo hiyo ni waksi ya Uholanzi ya kweli, na kwa kuwa maneno hayo hayo alikwisha kuyakuta juu ya nguo zilizochuja siku ya kwanza ya kufuliwa, akakilowesha kwa mate kidole chake cha shahada, akausugua upindo taratibu, akakitazama kidole, akakiona ni safi, ndipo akainua uso na kumwuliza mwuzaji, "Papa, ni bei gani?"

Kipimo hicho cha mate na kidole hakimo katika sheria yoyote ya forodha, wala hakina muhuri wa serikali. Walakini ni kikongwe kuliko ofisi zote za ukaguzi zilizopata kusimamishwa katika nchi ya Kongo, na mwenye kutaka kujua jinsi taifa lilivyojaribu, kizazi baada ya kizazi, kumkinga mnunuzi wake na bidhaa mbovu zitokazo ng'ambo, hana budi aanze kwenye kidole hicho kabla ya kwenda kwenye vyeti.

Bengamisa iko kaskazini ya Kisangani, mwendo wa kilomita zipatazo 50 kwa njia iendayo Banalia na Buta, baada ya kuvuka mto Tshopo na kisha mto Lindi. Ni makao ya sekta ya Wamanga katika teritwari ya Banalia, mahali penye mashamba ya mpunga, mihogo na migomba, na soko ambalo watu wa vijijini huliendea kwa miguu na kwa baiskeli. Hapa hapana bandari wala mpaka. Bidhaa ya kigeni inapofika katika meza zake imekwisha vuka bahari, imepita mipaka miwili au mitatu, imelala katika maghala ya watu wasiojuana, na mzigo uliokuwa mmoja ulipotoka kiwandani umegawanywa mara nyingi hata hakuna awezaye kusema ulikuwa wa nani. Kwa hiyo Bengamisa ndipo panapofaa kuuliza kama ulinzi wote uliowekwa njiani umemfikia yule uliyewekewa.

Katika karne ya 19, kabla ya kuwa na serikali moja juu ya nchi hizi, bidhaa iliyotawala njia zote za bara ilikuwa nguo nyeupe ya pamba iliyoitwa merikani, kwa sababu ilifumwa Marekani na kuletwa Unguja na merikebu za wafanya biashara wa Salem, katika jimbo la Massachusetts, hususan baada ya mkataba wa mwaka 1833 baina ya Marekani na Sayyid Said. Ilipimwa kwa mkono, kwa upande, kwa doti na kwa gora. Ilifungwa katika mtumba uliotosha bega la mpagazi mmoja. Na kutoka Bagamoyo ilikwenda Tabora, ikavuka ziwa Tanganyika kutoka Ujiji, ikafika Kasongo na Nyangwe, na hatimaye ikashuka na mto mpaka kwenye maporomoko ambako leo ndiko Kisangani, mahali ambapo Hamed bin Muhammed el-Murjebi, yule ambaye watu walimwita Tippu Tip, alikubali mwaka 1887 kuwa wali kwa niaba ya Dola Huru ya Kongo.

Merikani haikupendwa kwa weupe wake peke yake. Ilipendwa kwa sababu ilikuwa nzito na kavu, na ilipofuliwa haikubadilika ikawa nguo nyingine. Ilhali viwanda vya Lancashire, Uingereza, vilizoea kuushindilia uzi kwa wanga na udongo mweupe ili nguo ionekane nzito mkononi mwa mtu asiyejua, na ilipolowa mara moja ule uzito ukaondoka pamoja na maji. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, kuanzia 1861 hadi 1865, vilipoikata pamba ya huko, nguo za Uingereza na za Bara Hindi zilipata nafasi ya kuingia mahali pake. Lakini watu wa bara, ambao wengi wao hawakujua kusoma rajamu iliyopigwa juu ya gora, waliujua uzi kwa kuusugua baina ya vidole viwili, wakaisikia ile vumbi ya udongo, na mwenye msafara aliyekuja na nguo ya hadaa alijikuta ameichukua safari ya miezi kadha wa kadha kwa ajili ya kitu kisichomnunulia hata chakula cha wapagazi wake.

Mambo ya ushanga yalikuwa vivyo hivyo, na pengine makali zaidi, kwa kuwa kila nchi ilikuwa na rangi yake na ukubwa wake iliyoukubali, na samesame nyekundu iliyofungua milango mahali pamoja iliweza kukataliwa mwendo wa siku chache mbele. Waama, ikiwa kanuni ya bidhaa maana yake ni sharti ambalo mwenye kuleta lazima alitimize kabla hajaruhusiwa kuuza, basi kanuni zilikuwapo katika bara la Kongo kabla ya dola. Na mkaguzi alikuwa yule yule mnunuzi, akikagua mbele ya macho ya mwuzaji, kwa mali yake mwenyewe, na hukumu yake haikuwa na rufaa.

Sheria zilizoandikwa zilitoka Ulaya. Mkataba wa Berlin uliotiwa sahihi tarehe 26 Februari 1885 ulitangaza bonde lote la mto Kongo kuwa nchi ya biashara huru, ambamo bidhaa za mataifa yote zingeingia bila ya ushuru wa forodha kwa muda wa miaka 20. Na kwa kuwa dola isiyotoza ushuru haina sababu kubwa ya kufungua mizigo, kilichoingia kiliingia. Muda huo haukutimia. Mwaka 1890 mataifa yalikutana tena Brussels, yakaruhusu ushuru usiozidi sehemu 10 kwa 100 ya thamani, na katika mkataba wa tarehe 2 Julai mwaka huo yakaweka makatazo ya mwanzo juu ya bidhaa zenye madhara: bunduki na baruti, ambazo zilitakiwa ziwekwe katika ghala la serikali zisitoke ila kwa ruhusa, na vileo vikali, ambavyo vilipigwa marufuku kuingizwa katika nchi ambazo bado hazijavizoea.

Ni wajibu wa mwandishi wa historia kusema hapa kwamba dola ile iliyoonyesha huruma kubwa juu ya tumbo la Mwafrika lisiharibiwe na pombe ya Ulaya ndiyo iliyokuwa, katika miaka hiyo hiyo, ikimlaza chini apigwe kiboko kwa kutoleta mpira wa kutosha. Na kwamba makatazo ya bunduki, kwa kadiri yalivyozuia biashara ya watumwa, yalihakikisha vilevile kuwa silaha iliyo bora itabaki mikononi mwa askari wa Mfalme Leopold wa Ubelgiji, mwenye dola hiyo, peke yao. Kanuni njema inaweza kuandikwa na mkono usio mwema, nayo hubaki njema katika karatasi; lakini watu walioiona inavyotumiwa hujifunza kumtazama mkaguzi kwa jicho ambalo halisahau upesi.

Baada ya vita vya kwanza vya dunia, tarehe 10 Septemba 1919, mataifa yaliandikiana huko Saint-Germain-en-Laye mkataba mwingine juu ya vileo katika Afrika, na humo ndimo inamoonekana, labda kwa mara ya kwanza katika sheria iliyoihusu Kongo, fikira iliyo karibu na ile ya maabara ya leo: pombe haikukatazwa kwa ukali wake tu, bali ilikatazwa pia kwa kile kilichochanganywa ndani yake, kama vile absinthe na vitu vingine vya kikemia vilivyojulikana kuidhuru afya. Kabla ya hapo sheria iliuliza, "Ni kitu gani hiki, na kinalipa ushuru kiasi gani?" Sasa ilikuwa imeanza kuuliza, "Kimetengenezwa kwa nini?"

Wakati huo njia ya bidhaa ilikuwa imegeuka. Msafara wa Bagamoyo ulikuwa umekufa. Reli ya Matadi ilikwisha fika Léopoldville mwaka 1898, na kutoka huko meli zilipanda mto kwa muda wa kilomita zipatazo 1,700 mpaka Stanleyville, kwa kuwa ndivyo Kisangani ilivyoitwa, zikishusha saruji, mabati, chumvi, samaki wa makopo, nguo na taa za mafuta kwa maduka ya Wazungu na Wahindi. Mlango wa nchi ukawa mmoja, mbali sana upande wa magharibi, na mnunuzi wa Bengamisa, ambaye babu yake aliweza kulikataa gora mbele ya tajiri aliyelileta, akajikuta mwisho wa kamba ndefu ambayo mwanzo wake hakuuona. Rajamu ya kampuni ndiyo ikawa dhamana yake: aliyenunua shoka lenye alama fulani akaliona limedumu, alirudi kutafuta alama ile ile, na asipoikuta alirudi nyumbani.

Katika Ulaya yenyewe kazi ya kukagua mali ya watu wengine kwa ujira ilikuwa imekwisha kuwa biashara. Mwaka 1878, katika bandari ya Rouen ya Ufaransa, ilianzishwa nyumba ya kukagua nafaka, ikipima uzito na ubora wa shehena zilizoshuka ili mwuzaji aliye mbali na mnunuzi aliye karibu wasigombane. Baadaye ilihamia Geneva, na tangu mwaka 1919 imejulikana kwa jina la Société Générale de Surveillance, au kwa ufupi SGS. Shauri lake lilikuwa jepesi na la hekima: maadamu mwuzaji husifu chake na mnunuzi hukilaumu, atafutwe mtu wa tatu asiyepata faida kwa sifa wala kwa lawama, naye atoe shahada yake kwa maandishi.

Shauri hilo ndilo lililoletwa Kongo baada ya uhuru wa mwaka 1960, kwa namna ambayo haikuwa ya kawaida duniani. Kwani katika miaka hiyo ya sitini Kongo ilikuwa miongoni mwa nchi za mwanzo kabisa ambazo serikali yenyewe, wala si mfanya biashara, iliagiza bidhaa zote za maana zikaguliwe katika nchi zinakotoka kabla hazijapakiwa melini. Sababu yake yafaa ifahamike, maana inaeleza tabia ya ukaguzi huo mpaka leo. Fedha za kigeni zilikuwa haba, na aliyepata kibali cha kuzinunua kwa bei ya serikali aliweza kuandika katika hati kwamba analeta mashine ya thamani kubwa, akaleta chuma chakavu, na tofauti ya fedha ikabaki ng'ambo katika akaunti yake. Mkaguzi aliwekwa ili auone mzigo, ahesabu, aangalie aina yake, na aseme kama bei iliyoandikwa ni ya kweli. Ubora ulikaguliwa, naam, lakini kwanza kama ushahidi wa bei. Ukaguzi ulizaliwa uwe mlinzi wa hazina, na ulinzi wa mwili wa mnunuzi ulikuja nyuma yake, kama mtoto anayeshika nguo ya mamaye.

Tarehe 30 Novemba 1973 Rais Mobutu alitangaza kwamba maduka, mashamba na biashara za wageni zitakuwa mali ya wananchi, na Kisangani, ambako Wagiriki, Wahindi na Wareno walikuwa wameshika biashara kubwa, iliona funguo zikibadilika mikono katika muda wa majuma machache. Haikupita hata miezi miwili, tarehe 10 Januari 1974, ikatoka sheria namba 74-013 iliyounda Ofisi ya Ukaguzi ya Zaire, maana ndivyo Kongo ilivyoitwa wakati huo, iliyojulikana kwa jina la OZAC, ili kazi ya mtu wa tatu, ambayo mpaka hapo ilikuwa ya kampuni yenye mizizi nje, iwe ya taifa. Hizo zilikuwa siku ambazo majirani nao walikuwa wakijenga nyumba kama hizo: Kenya ilipata shirika lake la viwango, KEBS, mwaka huo huo wa 1974, Tanzania ikapata TBS kwa sheria ya mwaka 1975, na Uganda ikatunga sheria ya UNBS mwaka 1983. Walakini kulikuwa na tofauti ya nasaba. Mashirika ya majirani yaliundwa kwanza ili yaandike viwango, yaani yaseme saruji iwe na nguvu gani na unga uwe na unyevu kiasi gani, kisha yakapewa kazi ya kuulinda mpaka kwa viwango hivyo. OZAC ilizaliwa na kazi ya mpakani mkononi, na viwango vikaja kutafutwa baadaye.

Juu ya karatasi chombo kilikuwa kamili. Katika nchi, walakini, mambo yalikwenda kombo: maduka yaliyogawiwa watu wasiozoea biashara yaliisha bidhaa, njia zikaota majani, fedha ikapoteza thamani, na uporaji wa 1991 na 1993 ukazimaliza hata zile rafu zilizokuwa zimebakia. Bidhaa ikiwa haba mnunuzi hana nguvu ya kukataa, na mkaguzi naye hana moyo wa kuzuia. Aliyekaa mwezi mzima bila ya chumvi haulizi chumvi hiyo ina madini ya joto au haina.

Mobutu alipoanguka Mei 1997, Zaire ikarudi kuitwa Kongo na OZAC ikawa OCC, yaani Ofisi ya Ukaguzi ya Kongo, jina ililonalo hata sasa. Lakini mwaka uliofuata vita vilianza upya, na mwezi wa Agosti 1998 Kisangani ikatwaliwa na waasi, ikatengwa na Kinshasa. Meli hazikupanda tena. Sabuni na sukari zilishuka kwa ndege kutoka mashariki, na bidhaa nyingine zilisukumwa juu ya baiskeli katika njia za msituni kwa mamia ya kilomita na vijana ambao hakuna aliyewauliza hati. Na kuanzia tarehe 5 hadi 10 Juni 2000 majeshi ya Rwanda na Uganda yalipigana ndani ya mji wenyewe kwa mizinga. Lakini njia ya mashariki iliyofunguliwa kwa shida ya vita haikufungwa na amani. Wafanya biashara wa Butembo, mji wa upande huo wa mashariki, walikwisha jua njia ya Dubai na ya China, walikwisha jua Mombasa na Kampala, na barabara ya Beni kwenda Kisangani ilipotengenezwa upya, malori yalishika mahali pa baiskeli. Hivyo, baada ya miaka mia na zaidi, bidhaa ya Kisangani ikarudi kutoka upande wa Bahari ya Hindi, kama ilivyokuwa katika siku za merikani.

Serikali nayo ilirudi mpakani na daftari lake. Amri namba 036/2002 ya tarehe 28 Machi 2002, ikikusudia kupunguza wingi wa watu waliojiita wakaguzi, ilizitaja idara zenye haki ya kufanya kazi mipakani kuwa nne tu: forodha, OCC, idara ya afya ya mipakani na idara ya uhamiaji. Mwaka 2006 OCC ikaipa kampuni ya Bureau Veritas uwakala wa kukagua katika nchi zinakotoka bidhaa, na tangu hapo safari ya mzigo ulio halali ikawa na adabu yake. Mwenye kuagiza hujaza kwanza benki tamko la kuingiza bidhaa, ambalo makarani hulitaja kwa herufi mbili, IB. Tamko likikubaliwa, wakala wa OCC huko ng'ambo huarifiwa, huenda kuuona mzigo, hulinganisha idadi, aina, bei na sharti za usalama, na akiridhika hutoa hati ya uthibitisho. Mzigo ukifika mpakani Kasindi, au bandarini Matadi, au penginepo, OCC huukagua tena kwa macho, huchukua sampuli pale inapobidi, hutazama tarehe ya mwisho ya matumizi na maandishi ya pakiti, kisha huutolea cheti au huuandikia hati ya kukataliwa; na uliokataliwa hurudishwa ulikotoka au huteketezwa.

Palikuwa na mpaka mwingine ndani ya utaratibu huo, usioonekana katika ramani. Mzigo usiofikia thamani ya dola 2,500 haukulazimishwa kukaguliwa ng'ambo, bali uliachiwa jicho la mkaguzi wa mpakani peke yake. Na sharti hilo, ambalo kwa hakika liliwekwa kwa kumhurumia mchuuzi mdogo asimalize mtaji wake katika ada, liligeuka kuwa mafunzo ya hesabu, maana hakuna mfanya biashara asiyejua kwamba mzigo wa dola 10,000 ni mizigo mitano midogo ikiwa utaandikwa kwa majina matano. Aidha Kenya ilikuwa imeanza mwaka 2005 kudai vyeti vya ubora kutoka nchi za asili, na Tanzania ikafuata mwaka 2012. Lakini vyeti hivyo vililinda masoko ya nchi hizo, ilhali mzigo unaopita tu kwenda Kongo ulihesabiwa kuwa msafiri, na msafiri haulizwi mambo ya nyumbani kwake mpaka atakapofika nyumbani.

Matokeo ya kutoulizwa yalionekana kwa uchungu katika Jimbo la Mashariki, ambalo Kisangani ilikuwa mji wake mkuu kabla halijagawanywa mwaka 2015. Kuanzia Desemba 2014, upande wa Ituri, watu walianza kuletwa hospitalini shingo zimepinda, nyuso zimekakamaa na ndimi zimetoka nje bila ya hiari yao; waganga wakadhani ni homa ya uti wa mgongo, wakawatibu kwa homa hiyo, na wagonjwa wakazidi kuja, mpaka katikati ya mwaka 2015 wakawa wamepita mia tisa. Haikuwa homa. Vidonge vilipopelekwa maabara viligunduliwa kwamba vile vilivyoandikwa diazepam, dawa ya kutuliza ambayo watu waliinunua kwa maradhi ya kila namna, havikuwa na diazepam hata chembe. Vilikuwa na haloperidol, dawa ya wagonjwa wa akili, kwa kipimo ambacho mwili wa mtoto haukuweza kukistahimili. Jina juu ya kopo lilikuwa jina zuri. Shirika la Afya Duniani lilitoa tahadhari kwa mataifa, na makopo yakatafutwa. Lakini aliyekwisha nunua alikuwa na vidonge vitatu ndani ya kipande cha karatasi, na karatasi hiyo haikuwa na jina, wala namba, wala tarehe, ambayo kwayo angeweza kujua kwamba tahadhari ile ilimhusu yeye.

Hapo, kwa rai yangu, ndipo lilipo jambo ambalo historia hii yote inalifundisha. Cheti, hata kikiwa cha kweli na kimetolewa na mtu mwaminifu, hutolewa kwa shehena. Mnunuzi wa Bengamisa hanunui shehena. Yeye hununua kijiko cha maziwa ya unga kilichotolewa katika kopo na kutiwa katika mfuko wa nailoni, hununua vidonge vinne, misumari ya kujaza kiganja, betri mbili zisizo na pakiti, mafuta ya petroli ndani ya chupa kwa wale vijana wa barabarani waitwao makadhafi. Na kila mara mzigo unapogawanywa, tangu kontena mpaka katoni, tangu katoni mpaka kopo, tangu kopo mpaka kijiko, cheti hubaki nyuma na yule mwenye kipande kikubwa zaidi, hata mwisho wa yote hati imelala katika faili mjini na bidhaa imelala katika meza kijijini, na hapana uzi unaoziunganisha. Walioandika kanuni walimwona mwagizaji, wakamwona nahodha na karani. Mchuuzi anayekata na kupima hawakumwona, ilhali ndiye mtu wa mwisho kuishika bidhaa kabla ya mlaji.

Pana kitu kimoja ambacho kwa watu wa Bengamisa huligeuza shauri hili upande wa pili. Mji huu una kakao yake, na jina la CABEN, yaani Cacaoyère de Bengamisa, bado linatajwa. Na kakao ya Kongo ikienda Ulaya nayo ni bidhaa ya kigeni, huulizwa maswali yale yale, kiasi cha madini ya kadimi yaliyomo, ambacho mwaka 2019 Ulaya ilikiwekea mpaka katika chokoleti, na sasa hata shamba ilikotoka, kama lilikatwa msituni au la, kwa kanuni ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2023. Mlaji wa Brussels, ambaye hawezi kuijua kakao kwa kidole, amejipatia sheria inayofuata mbegu mpaka kwenye shina la mti wake. Mkulima wa mti huo huo, anapomnunulia mwanawe dawa, hawezi kuifuata hata mpaka Kisangani.

Mwaka 2022 Kongo iliingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambayo kwa sheria yake ya viwango ya mwaka 2006 imekusudia kwamba alama ya ubora iliyotolewa katika nchi moja itambuliwe katika nchi zote wanachama. Na huenda ikawa, nia hiyo ikitimizwa, kwamba mzigo unaoshuka Mombasa hautahesabiwa tena kuwa msafiri asiyeulizwa, bali utaulizwa mara moja kwa ajili ya wote. Itakuwa faida kubwa. Lakini itakuwa faida ya shehena, na kazi ya kijiko itabaki pale pale, ikimngoja atakayeamuru kwamba dawa isiuzwe ila ndani ya pakiti yake, kwamba kopo lililofunguliwa lisimame mezani likionekana, na kwamba mchuuzi ajue alikonunua na aweze kulisema.

Yule mama wa bikwembe hakuwa na fedha za kipande kizima, alitaka nusu. Mwuzaji alikipima kwa mikono, akakikunja katikati, akakata kwa mkasi, na ile karatasi yenye rajamu ya kiwanda, iliyokuwa imebandikwa kwenye ncha moja, ikabaki katika nusu ya pili. Akamnyoshea nusu yenye karatasi kama mtu anayefanya hisani. Mama akaitazama, akatikisa kichwa, akaichukua ile nyingine, kwa sababu ndiyo iliyokuwa na upindo alioujaribu kwa kidole chake mwenyewe.